Mikono minne au miwili? Kwa nini ramani ya Njia Nyeupe haitulii

"Nafundisha sayansi sekondari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichora Njia Nyeupe ubaoni: duara, kitovu katikati, mikono minne iliyojisokota, na nukta ya Jua pembeni. Mwaka huu mwanafunzi mmoja alinionyesha picha nyingine kwenye simu. Humo mikono mikubwa ni miwili, na katikati kuna kitu kirefu kama gogo. Mwenzake akasema amesoma kwamba galaksi yetu si bapa, imepinda. Kisha wa tatu akauliza: 'Mwalimu, nani aliipiga hiyo picha, na alikuwa amesimama wapi?' Nilikosa la kusema, nikaahidi kujibu wiki inayofuata. Tangu hapo nasoma, na kila ninaposoma nakuta jambo tofauti. Je, nimewafundisha uongo miaka yote hii? Tuwaambie nini watoto ikiwa wanasayansi wenyewe hawakubaliani? Na tukinunua darubini ndogo ya shule, tutaweza kuiona hiyo mikono wenyewe?"

Mwalimu, nianze na lile linalokukosesha usingizi: hukufundisha uongo. Ulifundisha ramani iliyokuwapo, na sehemu kubwa ya ramani hiyo bado imesimama. Kilichokosekana ni kuwaambia watoto kwamba ni ramani, imechorwa vipi, na wapi mchoraji alikuwa na hakika na wapi alikuwa akikisia. Ndiyo maana naomba nimjibu kwanza mwanafunzi wako wa tatu. Swali lake ndilo lenye ufunguo wa mengine yote, na ningependa umpongeze mbele ya wenzake.

Hakuna aliyeipiga picha hiyo. Hakuna picha yoyote ya Njia Nyeupe iliyopigwa kutoka nje, na haitapatikana katika maisha yetu wala ya vitukuu vyetu. Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote tulivyowahi kurusha, Voyager 1, kiliondoka mwaka 1977, na umbali wote kilioukata tangu hapo nuru huumaliza kwa takriban siku moja. Ili uitazame galaksi yetu yote kutoka juu ungelazimika kupanda makumi ya maelfu ya miaka ya nuru, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mzima. Kwa hiyo ukikuta "picha" ya Njia Nyeupe ikiwa duara kamili lenye mikono, ujue ni galaksi nyingine iliyowekwa kwa mfano, au ni mchoro. Ile ya kwenye simu, kwa jinsi unavyoieleza, inafanana na mchoro uliosambaa tangu 2008, uliotengenezwa kwa vipimo vya darubini ya anga ya Spitzer ya Marekani. Ni kazi nzuri, na aliyeichora aliifuata sayansi kwa uaminifu. Lakini upande wa karibu na Jua alikuwa na vipimo vingi, na upande wa mbali, nyuma ya kitovu, alilazimika kuendeleza mistari kwa makisio. Mchoro wenyewe hauonyeshi tofauti hiyo. Kote umepakwa rangi kwa uzuri uleule.

Tunachokiona kwa macho yetu ni ule utepe mweupe unaokatiza anga usiku wa giza. Galileo aliuelekezea darubini yake, na mwaka 1610 akaandika kwamba weupe ule ni nyota zisizohesabika zilizosongamana. Ni utepe kwa sababu galaksi yetu ni diski nyembamba na sisi tumo ndani yake. Ukitazama kuelekea upana wa diski, macho yako yanapita kwenye nyota nyingi mno. Ukitazama juu au chini ya diski, nyota zinaisha haraka na giza linaanza. Kila kitu kingine tunachodai kukijua kuhusu umbo la galaksi yetu kimepatikana kwa njia moja: kupima kila nyota au wingu la gesi liko umbali gani. Anga linatupa mwelekeo bure. Umbali halitupi. Ukiangalia historia ya ramani hizi kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila zilipobadilika, kilichobadilika hasa ni namna ya kupima umbali.

Chukua mfano wa William Herschel. Alielekeza darubini yake sehemu zaidi ya 600 za anga, akahesabu nyota alizoziona katika kila sehemu, na mwaka 1785 akatoa ramani ya kwanza ya galaksi iliyotokana na hesabu. Alidhani mahali penye nyota nyingi ndipo galaksi inapoenea mbali zaidi. Hoja hiyo ina mantiki. Matokeo yake yakamwonyesha Jua likiwa karibu na katikati. Zaidi ya miaka 130 baadaye, mwaka 1922, Mholanzi Jacobus Kapteyn alirudia kazi hiyo kwa data nyingi zaidi na hesabu bora zaidi, na yeye pia akaliweka Jua karibu na katikati. Watu wawili makini, vizazi vinne kati yao, jibu moja, na wote wawili walikosea.

Walikosea kwa sababu gani? Hapa ningetumia dakika kumi nzima darasani. Waambie watoto wafikirie wamesimama msituni asubuhi yenye ukungu mzito. Kila upande wanaona miti, kisha weupe. Wakihesabu, watakuta idadi inalingana pande zote, na watasema kwa hakika kabisa: tuko katikati ya msitu. Kumbe wako hatua chache kutoka ukingoni. Walichokipima ni ukungu, msitu hawajaupima. Kati ya nyota kuna vumbi, chembe ndogo sana za kaboni na madini, zilizotawanyika mno kiasi kwamba ungepita katikati yake bila kuhisi chochote. Lakini njia ni ndefu. Nuru ya kawaida, ile tunayoiona kwa macho, inayotoka kwenye kitovu cha galaksi kuja kwetu humezwa na kutawanywa hivi kwamba inafika sehemu moja tu katika trilioni. Herschel na Kapteyn walikuwa wanaona miti ya jirani.

Mmarekani Harlow Shapley alikwepa ukungu huo kwa njia ya busara, japo mwenyewe hakujua kwamba anaukwepa. Alipima yale mafungu ya nyota yenye umbo la tufe, kila moja likiwa na mamia ya maelfu ya nyota, ambayo mengi yanaelea juu na chini ya diski mahali ambapo vumbi ni haba. Akakuta hayakusambaa sawasawa kutuzunguka. Yameegemea upande mmoja, kuelekea kundinyota la Mshale. Mwaka 1918 akahitimisha kwamba kitovu cha galaksi kiko huko, mbali sana nasi. Mwelekeo aliupata barabara. Umbali ulimzidi: alikadiria upana wa galaksi kuwa miaka ya nuru 300,000, wakati leo tunasema diski ya nyota ni takriban 100,000. Kilichomponza ni vumbi lilelile, kwa kuwa hufanya vitu vionekane hafifu na hivyo kudhaniwa viko mbali zaidi, pamoja na kipimio chake cha umbali, kilichotegemea mwangaza wa nyota, ambacho kilikuwa bado hakijarekebishwa.

Vumbi lenyewe lilithibitishwa mwaka 1930 na Robert Trumpler. Alilinganisha mafungu ya nyota kwa mwangaza na kwa ukubwa. Fungu likiwa mbali maradufu, lionekane dogo kwa kiasi fulani na hafifu kwa kiasi fulani, na viwango hivyo viwili vikubaliane. Havikukubaliana. Yale ya mbali yalikuwa hafifu kupita yalivyostahili, na kadiri umbali ulivyoongezeka ndivyo tofauti ilivyokua. Kuna kitu njiani kilikuwa kinakula nuru. Mimi hiki ni kipande cha sayansi ninachokipenda kuliko vingi, kwa sababu mtoto wa sekondari anaweza kukifuata mwanzo hadi mwisho bila hesabu ngumu.

Basi tuje kwenye mikono. Hapa ndipo kuna vuta nikuvute unayoikuta ukisoma, na naomba unifuate polepole.

Baada ya vumbi kujulikana, njia ilikuwa kutafuta mawimbi yanayolipenya. Mwaka 1944 Hendrik van de Hulst alitabiri kwamba gesi ya hidrojeni iliyotulia kati ya nyota hutoa mawimbi ya redio ya urefu wa sentimita 21. Mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell waliyapokea kweli. Mawimbi haya hupita kwenye vumbi kana kwamba halipo, na kufikia 1958 kulikuwa na ramani ya redio ya sehemu kubwa ya diski. Mwaka huohuo wa 1951, William Morgan na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa kupima nyota changa za buluu jirani na Jua, vipande vya mikono vilivyo karibu nasi. Ramani ya mikono minne iliyokuja kuwa maarufu ilitolewa na Wafaransa wawili, Georgelin na Georgelin, mwaka 1976, na ndiyo mama wa mchoro wako wa ubaoni.

Tatizo ni kwamba wimbi la redio linakuambia mwendo wa gesi, halikuambii umbali wake. Umbali ulikisiwa kwa kudhani kwamba kila kitu kinazunguka kitovu kwa duara safi. Fikiria umesimama ndani ya uwanja wa mbio, wakimbiaji wanazunguka gizani, nawe unasikia tu kama mtu anakusogelea au anakuacha. Kwa sauti ileile, mkimbiaji anaweza kuwa sehemu mbili tofauti za uwanja, ya karibu au ya mbali. Na baadhi ya wakimbiaji hawafuati duara. Kwa hiyo mikono kwenye ramani za zamani ilinyooka mahali isiponyooka, na mingine ilikatika au kuungana kwa makosa ya umbali tu.

Kisha Spitzer ikaja na mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, ambao nao hupenya vumbi vizuri, na watafiti wakahesabu nyota zilizozeeka zenye rangi nyekundu. Mtu akitazama kandokando ya mkono, pale unapopinda na kutuelekea, anatarajia idadi ya nyota ipande ghafla. Walipotazama kuelekea Mkono wa Scutum-Centaurus, idadi ilipanda. Walipotazama kuelekea Mkono wa Sagittarius, ambao kwenye ramani za gesi ulionekana wazi, hawakuona ongezeko. Ndipo mwaka 2008 ikatangazwa kwamba mikono mikubwa ni miwili, Scutum-Centaurus na Perseus, na mingine ni midogo. Vichwa vya habari vikasema galaksi imepoteza mikono miwili.

Haikupoteza kitu. Walihesabu vitu tofauti. Ukihesabu nyota zilizozeeka, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa ya uzito wa nyota zote, unapata miwili iliyo imara. Ukihesabu gesi na viota vya nyota changa kubwa, unapata minne. Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Mark Reid ilitoa ramani ya takriban maeneo 200 ya nyota changa yaliyopimwa umbali moja kwa moja kwa mitandao ya darubini za redio, na mikono minne ikaonekana tena. Zipo pia kazi za karibuni zinazopendekeza kwamba mikono miwili huanzia ndani, kisha hugawanyika kuelekea nje. Kwa hiyo mwanafunzi wako na wewe hamkuwa mkibishana kuhusu jambo moja. Mmoja alikuwa na ramani ya wazee, mwingine ramani ya vijana, wa nyumba ileile.

Swali linalofuata darasani litakuwa: inawezekanaje mkono uwe na vijana usiwe na wazee? Hapo kuna dhana potofu inayotusumbua wengi, ya kuuona mkono kama kitu kigumu, kama pangaboi lenye nyota zilizogandishwa juu yake. Jua huzunguka kitovu kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua takriban miaka milioni 230. Nyota zilizo karibu zaidi na kitovu humaliza mzunguko upesi zaidi. Kama mikono ingekuwa imeshikamana na nyota zake, kwa umri wa galaksi ingekuwa imejisokota mara nyingi hata isionekane. Mkono ni mahali penye msongamano. Nyota na gesi huingia, hupunguza mwendo kidogo, hutoka. Gesi ikisongwa hapo hushikana na kuzaa nyota, na nyota kubwa za buluu huishi muda mfupi kiasi kwamba hufa kabla hazijatoka, hivyo huonekana humohumo tu. Nyota ndogo zinazoishi mabilioni ya miaka hupita mikononi tena na tena na kutawanyika kote. Kama msongamano huo ni wimbi linalodumu kwa mabilioni ya miaka, kama Chia-Chiao Lin na Frank Shu walivyopendekeza mwaka 1964, au ni mikono inayojitokeza na kuyeyuka kisha mingine inazaliwa, hapo bado pana mjadala halisi, na ni haki watoto wajue upo.

Lile gogo la katikati halina ubishi tena. Ni upau mrefu wa nyota unaozunguka kama kitu kimoja, na nusu yake, kutoka kitovuni hadi ncha, hukadiriwa kuwa karibu miaka ya nuru 15,000. Gérard de Vaucouleurs aliushuku mwaka 1964 kwa jinsi gesi ya katikati inavyokwenda mwendo usio wa duara. Ushahidi mzito ulikuja miaka ya 1990, picha za infraredi zilipoonyesha kwamba kitovu chetu kilichovimba kinaonekana kinene zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ncha moja ya upau imetuelekea, kwa hiyo iko karibu na inaonekana kubwa, kama vile ukitazama boriti kwa mshazari. Ubaoni, Mwalimu, futa kile kitovu cha duara uweke kitu kirefu. Hili ndilo badiliko moja ninalokuomba ulifanye bila kusita.

Na kupinda? Mwanafunzi wa pili yuko sahihi. Diski yetu ni bapa sehemu ya ndani, kisha kingo zake hupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kama kofia pana iliyokunjwa ukingo. Kwa gesi, jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1950. Mwaka 2019 timu ya Wapolandi ililionyesha kwa nyota zenyewe, kwa kupima 2,431 za aina ya Sefeidi. Hizi ni nyota zinazopwa na kujaa mwangaza kwa mpigo, na Henrietta Leavitt ndiye aliyegundua kwamba kadiri mpigo unavyokuwa wa taratibu ndivyo nyota inavyokuwa na mwangaza zaidi. Ukijua mwangaza halisi na ukaona ule unaotufikia, umbali unaupata.

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote, lakini, ni kile kinachofanyika kwa kidole gumba. Fanya hivi darasani. Kila mtoto anyooshe mkono, asimamishe kidole gumba, afumbe jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kitaruka mbele ya ukuta. Avute kidole karibu na pua, kitaruka zaidi. Dunia inapozunguka Jua, baada ya miezi sita tunakuwa tumehama kilomita milioni 300, na nyota ya karibu huonekana kuruka kidogo mbele ya zile za mbali. Mruko huo huitwa paralaksi, nao hautegemei dhana yoyote kuhusu aina ya nyota. Ni jiometri tupu. Shida ni udogo wake. Friedrich Bessel alikuwa wa kwanza kutoa kipimo cha kuaminika cha nyota, mwaka 1838. Chombo Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013 na kumaliza kupima Januari 2025, kiliweza kupima pembe ndogo kama unene wa unywele ukitazamwa kutoka kilomita 1,000, na kimefuatilia karibu nyota bilioni 2. Kwa kuwa Gaia hutumia mwanga wa kawaida, vumbi huizuia kuelekea kitovuni, na hapo darubini za redio ndizo hushika zamu. Mwaka 2017 ziliripoti kupima kwa paralaksi eneo moja lililo ng'ambo ya kitovu, miaka ya nuru zaidi ya 66,000 kutoka hapa. Eneo moja! Lakini upande ule wa ramani, uliokuwa wa makisio, ulipata kipimo chake cha kwanza cha kushikilia.

Gaia pia imetuonyesha kwamba galaksi yetu ina historia, na labda hili ndilo lililobadilisha fikra za wataalamu kuliko hesabu ya mikono. Tulizoea kuiona kama diski iliyotulia. Mwaka 2018 vipimo vya Gaia vilifichua kundi kubwa la nyota zinazokwenda kinyume na utaratibu wa diski, masalia ya galaksi ndogo iliyomezwa na yetu takriban miaka bilioni 10 iliyopita. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba nyota za jirani zetu zinapanda na kushuka kwa mpangilio wa umbo la konokono, alama ya diski iliyotikiswa ndani ya miaka milioni mia chache tu iliyopita. Mshukiwa mkuu ni galaksi kibete ya Sagittarius, iliyogunduliwa 1994, ambayo hupita na kurudi kwenye diski yetu huku ikisambaratishwa. Na mwaka 2020 yakatambuliwa mawingu ya gesi jirani na Jua yaliyojipanga kama wimbi lenye urefu wa miaka ya nuru 9,000, mahali ambapo kwa zaidi ya karne tulichora pete.

Kwa hiyo ukiulizwa kama wanasayansi hawakubaliani, gawanya jibu. Kuna mambo ambayo vipimo vya njia tofauti vinayafikia palepale: kwamba tunaishi kwenye diski, kwamba Jua liko kati ya miaka ya nuru 26,000 na 27,000 kutoka kitovuni, kwamba pale kitovuni kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua mara milioni 4 hivi, kazi iliyowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez tuzo ya Nobel ya 2020, na ambalo sura yake ilitolewa Mei 2022, kwamba upau upo, kwamba diski imepinda. Idadi ya mikono hutegemea unahesabu nini. Njia halisi za mikono upande wa ng'ambo bado zinapimwa. Na Jua? Zamani lilisemwa kuwa kwenye kijitawi kidogo kati ya mikono mikubwa. Vipimo vya redio vimeonyesha kwamba Mkono wa Orion tulimo ni mrefu kuliko ilivyodhaniwa, zaidi ya miaka ya nuru 16,000, kwa hiyo usiuite kijitawi.

Ningekuwa wewe, ningechora hivi: upau katikati kwa mstari mzito, mikono upande wetu kwa mstari mzito, na mikono upande wa ng'ambo kwa nukta nukta. Kisha ningewauliza watoto kwa nini mistari imetofautiana, nikanyamaza nisikilize. Kuna jambo moja tu la tahadhari. Watahiniwa wako wanasahihishwa kwa kitabu cha kiada, na kitabu huweza kuchelewa nyuma ya utafiti kwa miaka mingi. Zungumza ana kwa ana na msimamizi wa somo au mkaguzi kabla ya mitihani, ujue jibu gani linakubaliwa, na uwaambie watoto wazi lipi ni la mtihani na lipi ndilo linalojulikana sasa.

Kuhusu darubini, nitakuwa mkweli ili msipoteze fedha. Hakuna darubini, ndogo wala kubwa, itakayokuonyesha mikono ya Njia Nyeupe, kwa sababu tumo ndani yake. Darubini ya bomba hata hukunyima utepe wenyewe, maana huona kipande kidogo mno cha anga. Kitu bora kwa somo hili ni macho matupu, usiku usio na mwezi, mbali na taa, baada ya kukaa gizani dakika 20 hadi macho yazoee. Kama shule ina fedha kidogo, darubini ya macho mawili ya 7×50 au 10×50 itawapa watoto furaha kubwa kuliko darubini hafifu ya bomba. Kabla ya kununua chochote, tafuta klabu ya wapenda nyota au idara ya fizikia ya chuo kikuu iliyo karibu, uombe kuhudhuria usiku wao mmoja ujaribu vifaa kwa macho yako, na kama wako tayari waje shuleni. Hilo siwezi kukufanyia kwa maandishi. Na mkiwa na kifaa chochote, kisielekezwe kamwe kwenye Jua bila kichujio kilichotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo. Jicho huungua kwa sekunde.

Mtakapokuwa nje, waonyeshe kundinyota la Mshale, pale utepe unapokuwa mpana na mzito kuliko kwingine. Huko ndiko kitovu kilipo. Watagundua kwamba katikati ya weupe kuna mapengo meusi yaliyochanika kama nguo kuukuu, na mmoja wao atasema pale hapana nyota. Zipo, nyingi kuliko popote angani. Lile jeusi ni vumbi la Trumpler, na watakuwa wanaliona kwa macho yao wenyewe.